Foleni ya viza ya ndoa: ilianzia wapi, na kwa nini wewe bado unasubiri

SEHEMU YA 1: Kwa nini leo tunaongea viza

Mada ya kunyonyesha tumeimaliza. Chanjo inakuja. Katikati hapa naomba nafasi ya jambo ambalo mnaniuliza kila wiki na mimi nalikwepa: "Nesi, mume wangu yuko Uingereza, nimeomba viza ya kumfuata, mwezi wa nne huu kimya. Nina mimba. Nifanyeje?"

Mimi si mwanasheria, ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Lakini anayesubiri viza bado anakuja kliniki, na kusubiri kwake kunaonekana. Presha inapanda, usingizi hakuna, kadi ina nafasi ya jina la mwenza ambaye hayupo. Mnajua hudhurio la kwanza tunasema njoo na mwenza. Aliyekuja peke yake anaulizwa mwenza yuko wapi, na sehemu nyingine anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Anabaki kujieleza kama mtu mwenye kosa. Akirudi nyumbani, mawifi nao wana yao: "Mbona wa fulani alipata haraka? Au kuna kitu?"

Hicho ndicho kilichonifanya nisome historia ya jambo hili. Nimegundua kuwa foleni hii ina zaidi ya miaka 60, na katika miaka hiyo serikali ya Uingereza imewauliza wanandoa maswali manne kwa zamu. Kwanza: wewe ni wa asili gani, na ni mume au mke? Pili: mwili wako unasema nini? Tatu: nia yako ya kuoana ni ipi? Nne, ndipo tulipo leo: mnaingiza shilingi ngapi? Swali linabadilika, mlango ni uleule. Ukilijua hili, aibu inapungua. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: "Mkuu wa kaya ni nani?"

Zamani mtu wa koloni la Mwingereza aliweza kuingia Uingereza bila kibali. Sheria ya 1962 ndiyo iliyoanza kuwawekea mlango watu wa Jumuiya ya Madola. Hata hivyo ilibakiza uwazi kwa familia: mwanamume aliyeishi kule, mke wake na watoto wake wa chini ya miaka 16 walikuwa na haki ya kumfuata. Mke akiwa ndiye aliyetangulia, mume kumfuata haikuwa haki. Ilikuwa hisani.

Kisha ikaja 1968, na hapa historia inaingia kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilipopata uhuru 1963, Wahindi wengi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ikaweka masharti ya vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. Wengi wakaanza kufunga virago kwenda nchi iliyowapa pasipoti. London ikashtuka. Bunge likapitisha sheria mpya kwa siku tatu tu, ikaanza kazi tarehe 1 Machi 1968. Kuanzia hapo pasipoti peke yake haikutosha. Ulitakiwa uwe na mzazi, bibi au babu mwenye mizizi Uingereza kwenyewe. Maana yake jamani mnaielewa: mzungu aliyezaliwa Kenya angepita, Mhindi aliyezaliwa Kenya na pasipoti ileile angekaa foleni.

Foleni ilikuwa ya vocha. Mwanzoni zilikuwa 1,500 kwa mwaka, na zilitolewa kwa "wakuu wa kaya". Sasa mkuu wa kaya ni nani? Kwa maofisa jibu lilikuwa wazi: mwanamume. Mwanamke aliyeolewa, hata awe na pasipoti yake ya Uingereza mkononi, alihesabiwa yuko chini ya mume. Labda awe mjane, au mume awe mgonjwa asiyejiweza.

Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza. Lakini zipo familia zilizokatika katikati: mke mwenye pasipoti ya Uingereza alifika na watoto, mume asiye na uraia wa nchi yoyote akapelekwa kambi za wakimbizi Ulaya bara. Mume anajua mke yuko wapi, mke anajua mume yuko wapi, na baina yao kuna bahari na karatasi.

Baadhi ya Waasia wa Afrika Mashariki walipeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Desemba 1973 Tume ikaona kwamba sheria ya 1968 iliwabagua kwa asili yao, na kwamba kuwazuia waume wasiwafuate wake zao nako kulikuwa ubaguzi. Taarifa hiyo haikuwekwa hadharani rasmi hadi 1994. Miaka 20 na zaidi.

SEHEMU YA 3: Nani anamfuata nani

Kwa Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Sasa msifikiri Mwingereza alikuwa na fikra tofauti sana. Sheria zake za uhamiaji zilijengwa juu ya wazo hilohilo: mke humfuata mume, mume hamfuati mke. Mume akitaka kumfuata mke, basi huyo ana jambo lake. Anatafuta kazi.

Januari 1969 waziri wa mambo ya ndani, James Callaghan, alitangaza kwamba wanaume wa Jumuiya ya Madola hawataruhusiwa tena kuwafuata wake au wachumba wao walioko Uingereza, isipokuwa kwa shida ya pekee. Mwaka huohuo ikawa lazima familia zipate kibali huko huko kwao kabla ya kusafiri. Hapo ndipo kusubiri kwenyewe kulipohamia kwenye balozi. Dhaka, Delhi, Islamabad, foleni zikawa ndefu, na wengine walisubiri zaidi ya mwaka kwa ajili ya usaili tu.

Mwaka 1974 waziri mwingine, Roy Jenkins, akawarudishia waume ruhusa baada ya wanawake kupiga kelele. Mwaka 1977 ikaongezwa miezi 12 ya matazamio kwa waume: mkitengana ndani ya mwaka huo, mume anarudi kwao. Machi 1980, chini ya serikali ya Margaret Thatcher, mlango wa waume ukafungwa tena. Sasa mwanamke aliweza kumleta mume ikiwa tu yeye ni raia wa Uingereza, na amezaliwa kule au ana mzazi aliyezaliwa kule. Mwanamume anayeishi kule kihalali, awe raia au asiwe, aliendelea kumleta mke.

Hesabuni wenyewe: 1969 hapana, 1974 ndiyo, 1977 ndiyo kwa masharti, 1980 hapana. Miaka 11. Waliooana 1973 na waliooana 1975 walipata majibu tofauti kabisa, na mapenzi yao hayakuwa tofauti. Tofauti ilikuwa tarehe.

SEHEMU YA 4: Walipouliza mwili

Hii sehemu ni nzito, na naiandika kama muuguzi. Mwenye moyo mdogo aruke.

Januari 1979 mwanamke Mhindi wa miaka 35, mwalimu, alitua uwanja wa ndege wa Heathrow kuja kuolewa na mchumba wake. Wakati ule mke alihitaji kibali mapema, na kibali kilikuwa na foleni ndefu. Mchumba angeweza kufika na kuruhusiwa pale pale uwanjani. Ofisa akashuku: huyu si mchumba, ameshaolewa, anakwepa foleni. Akapelekwa kwa daktari wa uwanjani akaguliwe kama ni bikira. Yaani hoja ilikuwa kwamba bibi harusi wa Kihindi wa kweli lazima awe bikira, kwa hiyo asiyekuwa bikira ni mke wa mtu.

Gazeti la The Guardian liliandika habari hiyo tarehe 1 Februari 1979. Kelele zikawa kubwa, India ikalalamika, ukaguzi ukapigwa marufuku. Miaka mingi baadaye watafiti walipofungua majalada ya serikali walikuta kwamba haikuwa ajali ya siku moja. Wanawake wasiopungua 80 walikuwa wamekaguliwa hivyo kwenye ofisi za ubalozi Delhi na Bombay katika miaka ya 1970.

Sasa nisikilizeni vizuri, hili ni la kitaalamu: hakuna kipimo chochote duniani cha kuonyesha kama mwanamke ameshalala na mwanamume. Hakipo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka ukaguzi huo ukomeshwe kila mahali, na Uingereza yenyewe imeufanya kuwa kosa la jinai mwaka 2022. Mwenzangu aliyevaa koti jeupe pale Heathrow aliombwa ajibu swali ambalo tiba haina jibu lake, na akakubali.

Watoto nao hawakupona. Walipigwa eksirei za mifupa ili kukisia umri, kwa sababu ofisa haamini kwamba mtoto yuko chini ya umri unaoruhusiwa. Mnajua mionzi hatumpigi mtoto bila sababu ya ugonjwa, na mifupa haiwezi kutaja tarehe ya kuzaliwa. Madaktari wengi walipinga, na utaratibu huo ukaachwa mwaka 1982.

Kuna upande mwingine pia. Mwaka 1984 mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kutambua watu kwa vinasaba, yaani DNA. Kesi ya kwanza kabisa kutumia ugunduzi huo, mwaka 1985, haikuwa ya mauaji wala wizi. Ilikuwa ya uhamiaji: kijana wa familia ya Kighana ambaye maofisa walikataa kwamba mama yake ni mama yake. Kipimo kikaonyesha ni mwanawe wa kumzaa. Baada ya hapo familia nyingi zilizokuwa zimekataliwa kwa miaka zilithibitisha kwamba zilikuwa zinasema kweli tangu mwanzo. Kweli ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuiamini.

SEHEMU YA 5: Muuguzi aliyekwenda mahakamani

Nilipofika hapa kwenye kusoma, nilisimama. Kesi iliyobadilisha sheria ya viza za ndoa Uingereza ina majina matatu: Abdulaziz, Cabales na Balkandali. Wote wanawake, wote wakiishi Uingereza kihalali, wote walinyimwa kuishi na waume zao. Bi Abdulaziz alizaliwa Malawi, jirani zetu hapa. Bi Balkandali alizaliwa Misri. Na Bi Cabales, Mfilipino, alikuwa muuguzi.

Alikwenda Uingereza 1967 kwa kibali cha kazi kama msaidizi wa wauguzi. Mwaka 1971 akaruhusiwa kuishi bila kikomo, na baadaye akawa muuguzi kamili aliyesajiliwa kwa ngazi yake. Mwaka 1977 akaenda likizo kwao, Manila, akakutana na mwanamume. Mwaka 1979 akarudi tena likizo. Aprili 1980 wakafunga ndoa huko kwao, na yeye akarudi wodini kwa sababu kazi inamsubiri.

Angalieni tarehe. Masharti mapya yalikuwa yameanza Machi 1980. Alichelewa kwa wiki chache tu. Februari 1981 jibu likaja: hapana, kwa sababu wewe si raia. Mwanamume wa Kifilipino mwenye kazi ileile, wodi ileile na kibali kilekile angemleta mke wake. Julai 1983 rufaa yake ikakataliwa. Tangu Aprili 1980 hadi Desemba 1984 waliishi mbalimbali, isipokuwa kipindi kifupi mwaka 1983 alipokwenda kumwona.

Bi Cabales alizaliwa 1939. Siku ya ndoa alikuwa na miaka 40 au 41. Sisi wa kliniki tunajua mwanamke wa umri huo akisubiri miaka minne na nusu, kinachopita si kalenda peke yake. Sitasema zaidi, kwa sababu majalada hayasemi kama walitaka mtoto. Lakini kila mara mtu anaposema "si usubiri tu, muda utafika", mimi namkumbuka huyu mama.

Mwishowe yeye mwenyewe akapata uraia, na mume akafika Desemba 1984. Kesi haikufutwa. Tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kule Strasbourg, ikatoa hukumu. Serikali ilijitetea kwamba wanaume wahamiaji huchukua ajira, wanawake siyo sana. Mahakama ikasema hoja hiyo haitoshi: hawa wanawake wamebaguliwa kwa jinsia yao. Kuhusu ubaguzi wa rangi, mahakama haikukubali.

Vigelegele? Subirini kidogo.

SEHEMU YA 6: Ushindi wenye makali mawili, na swali la nia

Serikali ilipoambiwa "mnawatendea wanaume na wanawake tofauti", ilikuwa na njia mbili za kuweka usawa. Kuwalegezea wanawake kama wanaume, au kuwabana wanaume kama wanawake. Mwaka huohuo wa 1985 ikafanya kidogo la kwanza na zaidi la pili. Kweli, mwanamke asiye raia lakini mwenye kibali cha kudumu sasa aliweza kuomba kumleta mume. Ila majaribio yaliyokuwa yanawakabili waume peke yao yakawekwa pia kwa wake. Waliokuwa wanapita kwa urahisi nao wakaingia foleni.

Jaribio kubwa lilikuwa la nia. Mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake halikuwa kuingia Uingereza. Hebu jaribuni kuthibitisha hilo. Ofisa anamwuliza kijana: "Mkeo asipoweza kukuleta Uingereza, mtaishi huku kwenu?" Akijibu "hapana, tumekubaliana tukaishi kule", basi lengo lake ni Uingereza, anakataliwa. Akijibu "ndiyo, tutaishi huku", basi kaeni huko, viza ya nini? Ndoa yenyewe inaweza kuwa ya kweli kabisa, hata na watoto, na bado ikashindwa mtihani huu. Walioumia zaidi walikuwa familia za India, Pakistani na Bangladesh, ambako wazazi hushiriki kutafuta mchumba, kama ambavyo kwetu pia posa hupelekwa na wazee.

Sharti hilo likaishi hadi Juni 1997, serikali mpya ya chama cha Labour ilipolifuta katika wiki zake za mwanzo. Maana yake wanandoa walioulizwa Mei walikataliwa kwa kosa ambalo mwezi uliofuata halikuwepo.

Swali la nia halijafa kabisa. Hadi leo mnatakiwa kuonyesha kwamba uhusiano wenu ni wa kweli. Ndiyo maana wanataka picha, rekodi za simu, risiti za pesa mlizotumiana. Mkijua lilikotoka, mtaelewa kwa nini maswali mengine yanachoma.

SEHEMU YA 7: Leo wanauliza mshahara

Tarehe 9 Julai 2012 likaja swali la nne. Raia au mkazi wa kudumu anayetaka kumleta mwenza kutoka nje lazima aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Akiwa na mtoto asiye raia, aongeze 3,800, na kila mtoto anayefuata 2,400. Mshahara wa mwenza aliyeko Dar au Nairobi hauhesabiwi. Kipindi cha matazamio, ambacho kilikuwa miezi 12 mwaka 1977 na miaka 2 mwaka 2003, kikawa miaka 5.

Swali la pesa halitaji jinsia wala asili. Lakini nani hulipwa kidogo? Nani hupunguza saa za kazi baada ya kujifungua? Mama. Hivyo mlango uliofunguliwa kwa wanawake mwaka 1985 ukawa mwembamba tena kwa njia ya mshahara, bila mtu kuandika neno "mwanamke" popote.

Mwaka 2015 Kamishna wa Watoto wa England alitoa taarifa kuhusu watoto waliotenganishwa na mzazi mmoja kwa sharti hili. Ilikadiria hadi watoto 15,000, wengi wao raia wa Uingereza. Waliitwa watoto wa Skype, kwa sababu baba au mama walimjua kwenye kioo. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema sharti la kipato lenyewe ni halali, ila maslahi ya mtoto yalikuwa hayajazingatiwa ipasavyo, na masharti yakarekebishwa kidogo.

Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapanda kutoka 18,600 hadi pauni 29,000. Siku ile muuguzi aliyeanza kazi kwenye hospitali za umma za England, nje ya London, mshahara wake wa msingi ulikuwa pauni 28,407. Soma tena. Nesi wa kazi ya muda wote, kabla ya malipo ya usiku, hakufikia. Nyongeza ya mwaka ule ikampandisha hadi 29,970, akavuka kwa pauni 970. Akijifungua na kupunguza saa, anashuka tena chini ya mstari. Mhudumu wa wazee anayelipwa kima cha chini cha wakati ule, saa 37 na nusu kwa wiki, alipata kama 22,300. Huyo hakuwa hata karibu.

Msichanganye njia mbili hapa. Kanuni hii ni ya mume au mke wa raia au mkazi wa kudumu. Muuguzi aliyekwenda kwa viza ya kazi ya afya humleta mwenza na watoto kama wategemezi, kwa masharti mengine. Ila wahudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, kazi ambayo dada zetu wengi wameikimbilia, walioomba viza hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mume wala mtoto. Anamwogesha bibi wa mwenzake, na wake wa kumzaa analelewa na bibi huku.

SEHEMU YA 8: Sasa wewe unayesubiri

Historia isitufae tu kwa kusikitika. Haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja kliniki.

Kimya si hukumu ya ndoa yako. Mwaka 2025 muda wa kawaida uliotangazwa kwa waombaji walioko nje ulikuwa wiki 12, na wapo waliozidi. Ukikataliwa, soma barua neno kwa neno. Mara nyingi inazungumzia karatasi au kipato, haizungumzii upendo. Na rufaa ipo.

Kipimo cha kifua kikuu. Waombaji wa Tanzania na Kenya wanahitaji cheti cha TB, na kinadumu miezi 6. Mjamzito, usikimbie na usikae kimya: sema mapema una mimba. Unaweza kuchagua eksirei ya kifua ukiwa umekingwa tumbo, au kupima makohozi, au kusubiri hadi ujifungue. Makohozi huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo panga tarehe zako. Kipimo hiki ni cha ugonjwa wa mapafu tu. Mtu akitaka kukukagua zaidi ya hapo, una haki ya kuuliza kwa nini, na kukataa.

Mtoto. Kama baba au mama ni raia wa Uingereza, huenda mtoto wenu tayari ni raia tangu kuzaliwa na hahitaji viza, anahitaji pasipoti. Inategemea mzazi alipataje uraia. Muulizeni mshauri wa sheria anayetambuliwa, msimuulize kishoka wa mtaani anayeahidi "mimi nina mtu ndani". Hana mtu ndani.

Karatasi. Cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha RITA vipatikane mapema, majina yafanane herufi kwa herufi na pasipoti. Kadi ya kliniki itunze. Ina tarehe na mihuri ya maisha yenu halisi.

Mwili wako. Hudhurio la kliniki usiliruke ukisema "nitajifungulia huko". Viza ikija, utahamia na kadi yako. Isipokuja, mtoto hatasubiri. Ukiona wiki mbili zimepita huli, hulali, unalia bila sababu au hutaki kumshika mtoto, njoo. Hiyo ni hali inayotibika, si udhaifu. Baba naye apige simu, aongee karibu na tumbo. Miezi ya mwisho mtoto anasikia sauti, na akizaliwa sauti aliyoizoea humtuliza.

Na wewe wifi, mama mkwe, jirani: acheni kuuliza "bado tu?" Mleteeni uji, mshikieni mtoto alale saa mbili.

Masharti haya yote niliyoyataja yaliandikwa na watu, na mengi yalifutwa na watu: wanawake walioandika malalamiko, mwalimu aliyesimulia kilichompata Heathrow, muuguzi aliyekwenda mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyejua angesubiri muda gani.

Mwenye swali aandike hapa chini, nitajibu nikitoka zamu. Jumanne tunarudi kwenye chanjo ya surua, mje na kadi.